Barua kwa mwanangu kabla ya safari ya Ruhuhu

Mbagala, Dar es Salaam

Mwanangu Idrisa,

Rasimu yako ya utafiti kuhusu maumbile ya wanyama wanaochimba nimeisoma yote, hata kurasa za vipimo, na pembeni nimesahihisha kwa penseli kama ilivyo desturi yangu. Kazi ni nzuri. Ila umeandika kwamba mkifika bonde la Ruhuhu, huko kusini mwa Tanzania, utaingia kwenye mashimo ya muhanga, yule mnyama mla mchwa, kupima kuta zake, na hilo ndilo lililonikalisha kuandika, maana kwenye simu huwa unacheka tu na mazungumzo yakaishia hapo.

Usiingie shimoni, baba. Sababu umezieleza mwenyewe. Mfupa wa juu wa mkono wa fuko wa Ulaya ni mfupi na umetanuka hadi unakaribia kuwa mraba, ncha ya kiwiko imerefuka kwa nyuma ili misuli ipate wenzo mrefu, na pembeni ya kiganja umejitokeza mfupa wa ziada unaofanya kazi ya kidole cha sita. Muhanga hana kidole gumba, lakini kwa kucha zake nene na mikono iliyojaa misuli, kifusi kikimwangukia hukichimba akaendelea na safari yake. Mkono wako ni mrefu na mwembamba, umeumbika kwa kushika na kurusha. Kifusi kikikulalia kifuani hutapata hata nafasi ya kukunja kiwiko. Wachimbaji wadogo tunaosikia redioni kwamba wamefukiwa walikuwa na sururu.

Isitoshe, shimo alilohama muhanga halikai tupu. Ngiri huingia humo kinyumenyume, pembe zake zikielekea mlangoni, nawe unataka kutanguliza uso.

Sehemu ya meno umeipitia haraka mno, na ningekuwa msimamizi wako ningekukata alama. Panya-fuko wa kwetu Afrika wengi wao huchimba kwa meno ya mbele yaliyotokeza nje ya midomo, na midomo hiyo hufunga nyuma ya meno ili udongo usiingie kinywani. Kwa hiyo mabadiliko makubwa yako kwenye fuvu na taya, wala si kwenye mkono. Unaandika kana kwamba ardhi ina kanuni moja kwa kila anayeishi ndani yake. Kwa upande mwingine, fuko-dhahabu anafanana na fuko wa Ulaya, ilhali kwa nasaba yuko karibu zaidi na tembo na huyo muhanga wako.

Kawingasaurus usimfiche kwenye tanbihi. Alipatikana huko huko Ruhuhu, akapewa jina mwaka 1972, na ingawa si mamalia bali ni jamaa yao wa mbali wa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, anadhaniwa naye aliishi kwa kuchimba. Mweke mwanzoni. Nilipofika hapo nilimwita baba yako nikamsomea kwa sauti.

Yeye anashughulika na shimo la choo. Mchanga wa huku unaporomoka, hivyo nimemkataza fundi kushuka tena mpaka tofali zifike, na wamenuna wote wawili. Unaona kwamba sikuonei wewe peke yako.

Nauli na buti za baba yako nimempa mdogo wako akuletee. Kuta zipime kwa fimbo ndefu ukiwa nje, pamoja na mwenzako. Tochi ni ya jirani, irudi nzima.

Mama yako