Barua ya wazi kwa Waziri wa Sheria wa Kongo: cheo cha kijeshi kisiwe kinga

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zetu watu wa Kivu. Nakuandikia juu ya cheo cha kijeshi, maana hapo ndipo haki yetu ilipokwama.

Mwaka 2009 serikali ilimvisha Bosco Ntaganda, kamanda wa waasi, ujenerali katika FARDC, jeshi letu la taifa, ilhali hati ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya kumkamata ilikwisha kutangazwa mwaka uliotangulia. Tuliambiwa amani kwanza, haki baadaye. Akakaa Goma bila kujificha. Mwaka 2012 akaasi, kundi la waasi la M23 likazaliwa, na ile amani tuliyoilipia kwa ujenerali hatukuiona. Aliyemfunga miaka 30, mwaka 2019, ni The Hague, yaani mahakama hiyo ya kimataifa iliyoko Uholanzi.

Tena nchi hii hii iliridhia Mkataba wa Roma, ulioiunda mahakama hiyo, mwaka 2002, vita vikiwa bado vinawaka, na mwaka 2004 ikaikabidhi The Hague hali yake yenyewe. Vita vilitufanya tuwaite majaji wa mbali huku nyumbani tukiwapandisha cheo wanaotafutwa na majaji hao hao.

Kesi zilizobaki nyumbani zilibebwa na mahakama za kijeshi. Sheria ya 2013 ilizipa mahakama za rufani za kiraia mamlaka juu ya uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu, lakini askari na polisi wangali wanahukumiwa na wanajeshi. Na huko, jaji hawezi kumhukumu mtu anayemzidi cheo. Kwa hiyo kila nyota unayomwongezea mtuhumiwa inampunguzia idadi ya majaji wanaoweza kumgusa. Tazama Minova, hapa Kivu Kusini: wanawake wengi walibakwa Novemba 2012, askari 39 wa serikali wakashtakiwa, na hukumu ya 2014 ikawatia hatiani kwa ubakaji wawili tu. Wakuu wa vikosi hawakufikishwa kizimbani. Kukata rufaa hakukuruhusiwa.

Sisemi majaji hao hawana ujasiri. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ilikwenda Kavumu kwenyewe na kumfunga maisha mbunge wa jimbo, Frédéric Batumike, pamoja na wanamgambo wake, kwa ubakaji wa watoto wadogo. Nawashukuru kwa moyo wote. Lakini Batumike hakuwa jenerali.

Iko pia ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010, yenye matukio 617 ya ukatili kati ya 1993 na 2003. Karibu yote yalitokea kabla ya Julai 2002, mamlaka ya The Hague yalipoanza, kwa hiyo The Hague haina mamlaka juu yake. Ni Kinshasa au hakuna. Mashahidi wanazeeka, wengine tumeshawazika. Mswada wa mahakama mseto, ambamo majaji wa Kongo wangeketi pamoja na wa kigeni, ulikataliwa na Seneti mwaka 2011.

Urudishe bungeni, Mheshimiwa. Uandikwe humo kwamba uhalifu huu uhukumiwe na majaji wa kiraia, hata mshtakiwa akiwa mwanajeshi, na cheo chake kisiulizwe. Na katika mazungumzo ya amani ya Doha na AFC/M23, muungano wa waasi, sauti ya wizara yako isikike: mtuhumiwa wa uhalifu wa kivita asivishwe nyota wala asisamehewe, awe wa upande wao au wa upande wetu.

Wako kwa heshima,
Mwananchi wa Kivu Kusini