Barua ya Malalamiko: Tovuti Imekamilika, Malazi Yamekatizwa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wanachama

Ndugu Meneja,

YAH: KUNYIMWA SIKU 12 ZA MALAZI BAADA YA KUKAMILISHA KAZI, NA KUONDOLEWA KWA MAONI YANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanachama wenu kwa mwaka wa pili sasa katika mpango wenu wa kuwakutanisha wasafiri na wenyeji wanaotoa malazi kwa kubadilishana na kazi, na ada zote nimelipa. Ninaandika barua hii baada ya dawati lenu la huduma kulifunga shauri langu mara mbili bila kujibu swali moja ninalouliza tangu mwanzo: mwenyeji anapoahidi malazi ya majuma manne kwa saa 80 za kazi ya mtandaoni, na msafiri akazimaliza saa hizo kwa siku 16, je, siku 12 zilizobaki ni haki ya nani?

Tangazo la mwenyeji lilikuwa wazi. Alihitaji mtu wa kuitengenezea nyumba yake ya wageni tovuti mpya yenye sehemu ya kuhifadhi nafasi, kupiga picha za vyumba na kuzisafisha, na kuandika maelezo ya kila chumba kwa lugha mbili. Naye angetoa chumba cha mtu mmoja kwa majuma manne, kazi ikiwa ni saa 20 kwa juma. Kazi ya aina hiyo ndiyo inayonilisha, kwa hiyo thamani yake ninaijua. Nilikubali kwa sababu nilitaka kukaa mahali pamoja mwezi mzima bila kulipia chumba, huku muda uliobaki nikiutumia kwa wateja wangu wa kawaida na kwa matembezi. Niliona ni mapatano ya haki, na hata leo ninayaona hivyo, mradi kila upande utimize wajibu wake.

Nilipofika, chumba cha mtu mmoja kiligeuka kuwa kitanda katika chumba cha watu watatu, na intaneti iliyosifiwa katika tangazo ilishika vizuri mapokezi tu, hata ikanilazimu kupakia picha usiku wageni wakiwa wamelala. Hayo siyalalamikii. Msafiri anayehesabu kila kero ya namna hiyo afadhali abaki kwake.

Ninachokilalamikia ni hesabu ya saa. Katika juma la kwanza mwenyeji alinieleza kwamba msimu wa wageni wengi umekaribia, akaniomba niharakishe, nami kwa hiari yangu nikafanya kazi saa 33. Juma la pili nikafanya saa 36. Siku mbili zilizofuata nilitumia saa 11 kwa marekebisho aliyoyataka, na jioni ya siku ya 16 tovuti ikafunguliwa kwa umma. Jumla ni saa 80 kamili, na daftari la saa hizo, nililoliandika siku kwa siku na ambalo mwenyeji alilipitia kila mwisho wa juma, nimeliambatisha. Asubuhi iliyofuata aliniambia, tena kwa upole kabisa, kwamba kwa kuwa kazi imekwisha, kitanda changu kinahitajika kwa mgeni anayelipa. Mgeni huyo alikuwa amehifadhi nafasi usiku uleule, kupitia tovuti niliyoitengeneza mimi.

Lipimeni jambo hili kwa kipimo chochote mtakacho. Kama malazi yangu yalikuwa malipo ya saa, saa zote 80 nilikwisha kuzitoa, na kilichobaki kilikuwa deni la mwenyeji peke yake. Kama yalikuwa malipo ya kazi, kazi niliikabidhi nzima, naye aliipokea na kuanza kuitumia. Dawati lenu lilichagua kipimo cha tatu ambacho hakimo katika tangazo wala katika masharti yenu, kwamba makubaliano huhesabiwa juma kwa juma, na juma lisilo na kazi halina malazi. Kwa hesabu hiyo, msafiri anayejivuta hulala siku 28, na anayemsaidia mwenyeji kuuwahi msimu hulala 16. Sidhani kama mwandishi wa jibu hilo alilisoma mara ya pili kabla ya kulituma.

Kosa hili, kwa maoni yangu, limeanzia katika fomu yenu ya matangazo. Utaratibu wa kubadilishana kazi kwa malazi ulikulia mashambani. Mtandao wa WWOOF, kwa mfano, ulianza Uingereza mwaka 1971 kwa watu wa mjini waliokwenda kusaidia katika mashamba ya kilimo hai mwishoni mwa juma. Shambani kazi huonekana kwa macho, jua likizama jembe huwekwa chini, na kesho yake magugu yamekwisha kuota tena, kwa hiyo kuhesabu saa kwa juma kunatosha. Kazi ya mtandaoni haiko hivyo. Ina mwanzo na mwisho, yaweza kufanywa usiku asipokuwepo wa kuiona, na ikikamilika huendelea kumwingizia mwenyewe faida bila aliyeifanya kuwepo. Ajabu ni kwamba fomu yenu ingali inamuuliza mwenyeji wa kazi ya tovuti kama mgeni wake atabeba vitu vizito, lakini haina hata mstari mmoja wa kuandika ni kurasa ngapi zitakazotengenezwa, marekebisho yatafanywa mara ngapi, picha zitabaki kuwa mali ya nani, na malazi yatakuwaje kazi ikimalizika mapema.

Upungufu huo uliniumiza tena baada ya kuondoka. Katika majuma mawili yaliyofuata mwenyeji alinitumia ujumbe mara tatu, akitaka nibadilishe ukurasa wa bei, niongeze picha, na nirekebishe hitilafu iliyotokana na yeye mwenyewe kufuta faili asilolijua. Ujumbe wa tatu ulidokeza kwamba maoni atakayoniandikia yatategemea msaada wangu. Nilikuwa nimemkabidhi maneno yote ya siri siku ya kuifungua tovuti, na kwa hilo ninajilaumu kidogo, kwa maana ningeweza kusubiri mpaka siku ya mwisho ya malazi. Hata hivyo, sikuifunga tovuti wala kuiharibu, ingawa wapo wenzangu katika kazi hii walionishauri nifanye hivyo. Nilimjibu kwamba kazi mpya huhitaji makubaliano mapya, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kisha yakaja maoni yenyewe. Mwenyeji aliandika kwamba niliondoka kabla ya muda tuliopatana, jambo ambalo kwa kalenda ni kweli na kwa maana ni uongo. Mimi niliandika aya mbili fupi zenye idadi ya saa na tarehe, bila tusi. Maoni yangu yaliondolewa baada ya siku nne kwa maelezo kwamba yanahusu mgogoro usioamuliwa, ilhali ya mwenyeji yamebaki mpaka sasa, na yanahusu mgogoro huohuo. Msafiri wa mpango huu hana barua ya ajira wala hati ya malipo; kinachomfungulia mlango wa mwenyeji mwingine ni maoni ya yule aliyetangulia. Tangu maoni hayo yawekwe nimeomba nafasi kwa wenyeji watano, na wawili kati yao wamenijibu kwa kuuliza kwa nini niliitoroka kazi.

Lipo jambo jingine ambalo halikunidhuru mimi, lakini nisingependa kulinyamazia. Ukurasa wenu wa maelekezo unasema kwamba msafiri asiyepokea fedha taslimu ni mtu wa kujitolea, na kwamba viza ya matembezi inamtosha. Kauli hiyo haiwezi kusimama kwa nchi zote. Uhamiaji wa New Zealand huhesabu kuwa kazi shughuli yoyote inayofanywa kwa malipo au manufaa, na malazi yamo katika manufaa hayo. Tangu tarehe 27 Januari 2025 mwenye viza ya mgeni anaruhusiwa kumfanyia kazi kwa mbali mwajiri aliye nje ya nchi hiyo, lakini kuitengenezea nyumba ya wageni iliyo humohumo tovuti kwa kubadilishana na kitanda ni shauri jingine kabisa. Uingereza nayo inamruhusu mgeni kujitolea kwa siku zisizozidi 30 kwa jumla, tena katika shirika la hisani lililosajiliwa, na nyumba ya wageni ya kibiashara si shirika la hisani. Msafiri anayeuamini ukurasa wenu anaweza kurudishwa mpakani, na akirudishwa, jina litakaloandikwa katika kumbukumbu za uhamiaji ni lake, si la kampuni yenu.

Kwa hiyo ninaomba maoni ya mwenyeji yaondolewe, au yangu yarudishwe yakae kando yake, na kati ya hayo mawili ningependelea la pili. Ninaomba pia mrejeshe ada yangu ya mwaka huu, kwa sababu mlipokuwa mkiipokea mliahidi msaada pale makubaliano yanapovunjika, na nilichopata ni majibu mawili yaliyofanana neno kwa neno. Gharama ya siku 12 nilizolipia chumba mahali pengine siidai kwenu, kwa kuwa aliyevunja ahadi ni mwenyeji. Nitaridhika mkimwandikia rasmi kwamba anadaiwa, na mkizuia tangazo lake la sasa, ambamo anatafuta mtu wa kuendesha kurasa zake za mitandao ya kijamii kwa majuma sita. Kuhusu fomu ya matangazo na ukurasa wa viza, ninaomba nijulishwe kwa maandishi ni lini mtavirekebisha.

Nimeambatisha daftari la saa, nakala ya tangazo kama lilivyokuwa siku niliyoomba nafasi, ujumbe wote niliopokea kutoka kwa mwenyeji, na maoni yangu yaliyoondolewa. Ninatarajia jibu lililoandikwa na mtu aliyevisoma viambatisho hivi, katika muda wa siku 14 tangu kupokelewa kwa barua hii. Zikipita bila jibu, nitaliwasilisha shauri hili pamoja na viambatisho vyake kwa mamlaka ya kulinda walaji katika nchi ambako kampuni yenu imesajiliwa.

Wako mwaminifu,

Mwanachama msafiri, mtengeneza tovuti