Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mitihani: hiyo si takriri

Mheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima zote unazostahili, nakuandikia nikiwa nimesharudishwa nyumbani. Juzi niliondolewa kwenye jopo la usahihishaji kwa kugoma kumnyima mtahiniwa alama mbili. Aliulizwa mbinu iliyotumika katika sentensi "Siishi ili nile, nakula ili niishi." Akajibu: antimetaboli, maneno yamerudiwa kwa mpangilio uliogeuzwa. Mwongozo wako unataka "takriri". Sifuri.

Mheshimiwa, "njoo, njoo, njoo" ni takriri. Neno linarudi kutia mkazo, basi. Hapa maneno yamebadilishana viti: kula kulikokuwa lengo kumegeuka njia, na kuishi kukakalia kiti cha lengo. Ukiondoa huo mgeuzo hakuna kilichosemwa. Na si uzushi wa mtoto yule. Quintilian, mwalimu wa balagha (sanaa ya usemi) wa Roma katika karne ya 1, alitumia mfano huohuo wa kula na kuishi. Wanabalagha wa Kiarabu wanaiita al-aks. Kennedy alipoapishwa mwaka 1961 aliwaambia Wamarekani wasiulize nchi itawafanyia nini, waulize wao wataifanyia nini nchi. Kumbe alikuwa anarudiarudia tu!

(Angejibu "kiasmo" ningesita kidogo, maana kiasmo hugeuza muundo hata kama maneno ni tofauti. Lakini bado ningempa moja.)

Mwaka jana kwenye semina uliahidi mwongozo utarekebishwa. Niliyaandika maneno yako daftarini: "Lugha haipo kwa ajili ya mtihani, mtihani upo kwa ajili ya lugha." Ukumbi mzima ulipiga makofi, nami nikapiga. Ile nayo ilikuwa takriri, Mheshimiwa?

Nadhani mwongozo umenakiliwa kutoka wa zamani, nao wa zamani kutoka wa zamani zaidi. Au pengine mtunzi alichoka, sijui. Ninachojua ni kwamba wenzangu wa jopo hawapokei simu zangu, posho ya siku nne sijaiona, na usingizi nao umenikimbia kwa ajili ya neno moja.

Sidai kurudishwa jopo. Hata posho, iacheni. Nadai alama mbili za yule mtoto. Ongeza kwenye mwongozo maneno mawili tu, "au antimetaboli", kabla matokeo hayajatoka. Kalamu nyekundu ninayo, nikiitwa naileta mwenyewe.

Wako mtiifu, mpaka sasa,
Mwalimu wa fasihi