Zuhura, hiyo slabu usiivunje

Shoga yangu Zuhura,

Salama? Watoto hawajambo, shemeji mzima? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu, salamu zingine utanisamehe maana tangu Salma aniambie unataka kuivunja slabu, lile kasha gumu la plastiki wakaguzi wa sarafu walimofungia ile medali yako ya fedha yenye sura ya dola ya zamani ya Marekani, uisugue na dawa ya mswaki itoke madoa sina raha kabisa, nikaona nikuandikie haraka kabla hujashika nyundo.

Usiivunje. Nakuomba sana.

Hayo madoa meupe sio uchafu shoga yangu. Fedha ya 999 ya siku hizi ndo ilivyo, iwe medali iwe sarafu, inaweza kutoka kiwandani inang'aa vizuri tu halafu baada ya miezi au hata miaka vinachomoza vidoa kama matone ya maziwa, na wengi wanaamini ni mabaki ya dawa walizooshea vile vipande vya fedha kabla ya kuvigonga chapa. Doa lenyewe limeshaganda kwenye ngozi ya fedha. Sasa dawa ya mswaki ina chembechembe za kukwangua, itakachoondoa ni ule mng'ao, ukiinamisha medali kwenye mwanga utaona mistari midogo midogo imejaa usoni kwa yule bibi Liberty, yule mwanamke wa upande wa mbele anayewakilisha uhuru, na hiyo haitoki tena. Halafu slabu ikishapasuka gredi, yaani ile alama ya ubora waliyoipa, nayo imekwenda, maana ile 70, ya juu kabisa, ni ya kitu kilichokaguliwa kikafungiwa humo. Ukiirudisha imesuguliwa watakuandikia imesafishwa, basi. Na garantii za hawa wanaogredi kwa kawaida hazigusi madoa yanayotokea baadaye, kwa hiyo hata kugombana nao usijisumbue.

Najua kinachokuuma ni hiyo 70, unaona kama umepunjwa. Ila 70 maana yake siku ile walipoiangalia kwa lenzi ya kukuza mara 5 hawakuona kasoro iliyoipata baada ya kutengenezwa, sio ahadi kwamba itabaki hivyo milele. Hicho kipimo cha 1 mpaka 70 chenyewe ni cha William Sheldon, 1949, alikitunga kwa ajili ya zile senti kubwa za zamani za Marekani, sisi ndo tunahangaika nacho kwenye vitu vilivyotoka kiwandani juzi.

Na sikia hili kuhusu mama yake hiyo medali, ile dola ya 1794 aliyoichora Robert Scot, yenye bibi Liberty wa nywele zinazopepea. Zilizotolewa 15 Oktoba 1794 zilikuwa 1,758 tu, na mashine waliyokuwa nayo haikuwa na nguvu ya kugonga sarafu kubwa kiasi hicho, ndo maana nyingi nyota za upande wa kushoto zimefifia, nyingine kama zimefutwa. Kuna moja iliuzwa mnadani Januari 2013 kwa dola 10,016,875. Gredi yake ni 66! Na katikati ina kiraka, kweli kabisa, walichomeka kipande cha fedha ili uzito utimie, tena ina mikwaruzo ya tupa pale walipokuwa wanapunguza uzito. Watu wenye pesa zao waliitazama na kiraka chake wakaigombania. Wewe unalilia vidoa.

Lakini huyo aliyemwambia Salma kwamba medali nayo bei itapanda hivyo hivyo usimsikilize. Yako ni ya 2024, ya kuadhimisha miaka 230 ya dola hiyo, wakia moja, kiwanda cha serikali ya Marekani kiliweka kikomo cha 75,000, na ndani ya hizo 1,794 ndo zina kialama kidogo cha 230, zinazosakwa zaidi ni hizo. Mimi naipenda kwa sababu nyingine. Ile dola ya zamani thamani yake iliandikwa ubavuni, kwenye ukingo, usoni na mgongoni hamna. Kwa hiyo ukitazama medali, ile sura unayoiona haina bei na ya 1794 nayo haikuwa na bei, ni nywele, nyota 15, na yule tai mwembamba ndani ya shada lake, na hizi nyota za kwako zimesimama zote, hata za kushoto. Mimi naweza kuiangalia jioni nzima.

We iweke pakavu, ukiishika shika plastiki pembeni, na usiichanganye na zile albamu za plastiki laini ya PVC zinazoacha ute wa kijani. Kama plastiki ndo imechubuka unaituma wanakubadilishia kasha, gredi inabaki ile ile.

Sasa niambie, madoa yako mbele au nyuma, na ni mangapi? Una uhakika ni ndani, sio juu ya plastiki? Kialama cha 230 umekitafuta? Namba ya cheti umeiingiza kwenye tovuti yao ukaona picha inafanana, maana slabu feki zipo? Na huyo aliyekuuzia alikwambia kuhusu madoa au alinyamaza? Shemeji anasemaje? Nitumie picha mbili, mbele na nyuma, upige karibu na dirisha bila flashi, leo leo kama unaweza.

Wako,
Mwanaidi