Mbeya hadi Njombe kupitia Dar es Salaam, huo ndio mkakati?

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu enzi lilipokuwa likitufikia Njombe jioni, limefungwa kamba pamoja na mizigo ya basi, na sijawahi kukuandikia. Nilivumilia hata mlipoandika kwamba Makambako iko Iringa, miaka mingi baada ya mkoa wetu kuanzishwa. Lakini ile habari yenu ya ukurasa wa biashara, ya kampuni kubwa ya vifurushi iliyozindua mpango mkakati wa miaka mitano, imenishinda. Wakurugenzi wanakata keki, nyuma yao bango. Nimeisoma yote nikitafuta gari, barabara au dereva. Nimekuta dira, dhima, maadili ya msingi na mageuzi ya kidijitali. Mwandishi wako hakuuliza mzigo unapita njia gani.

Basi nimsaidie. Nina mashine ya kusaga na kukoboa. Majuzi beringi ya mota ilikufa, na saizi yake hapa mjini ilikuwa imekwisha. Fundi akapiga simu Mbeya, ikapatikana, nikalipa kwa simu. Mwenye duka ana mkataba na kampuni hiyohiyo ya keki, akawakabidhi. Sasa kwa asiyeijua njia: Mbeya hadi Makambako ni kilometa kama 170 za lami, pale unakata kulia, kilometa kama 60 uko Njombe. Mzigo ukitoka asubuhi, jioni tunasaga. Kesho yake nikapata ujumbe: "Mteja wetu mpendwa, kifurushi chako kimewasili salama Dar es Salaam."

Nikapiga simu. Binti aliyepokea ana adabu zake, yeye simlaumu. Akasema, "Mzee, vifurushi vyote lazima vipite kituo kikuu kuchambuliwa." Nikamwambia, mwanangu, gari lenu lilifika Makambako, likapanda mizani, beringi yangu ikapimwa uzito na serikali ikiwa mwendo wa saa moja kutoka mlangoni kwangu, halafu mkaipitisha! Ikaenda Mafinga, ikashuka mlima Kitonga, ikavuka Mikumi ikitazama tembo, Morogoro, Chalinze, mpaka Dar, ili mtu aisome karatasi iliyoandikwa "Njombe" na kugundua kwamba inakwenda Njombe. Akajibu kuwa mfumo hauruhusu kushusha njiani. Nikauliza, sasa imechelewa kiasi gani? Akasema haijachelewa, maana siku za ahadi zinaanza kuhesabiwa inapotoka kituo kikuu! Rudia kusoma hapo, Mhariri. Safari yote ya kwenda Dar haimo katika hesabu. Mezani kwa mkurugenzi mimi ni mteja niliyehudumiwa kwa wakati, na huenda nimo katika ile asilimia ya ufanisi mliyoiandika kwa wino mzito. Wakati huo mashine imelala, kina mama wanafika na ndoo za mahindi kichwani na kugeuka nazo, na jirani yangu wa ng'ambo ya barabara anasaga mpaka saa tatu usiku huku akinipungia mkono. Beringi ikapanda Kitonga tena, ikafika Makambako mara ya pili, na safari hii, kwa kibali cha Dar, ikaruhusiwa kukata kona.

Msidhani sielewi maana ya kituo kikuu. Ukiwa na miji 20 na unataka kila mmoja uunganishwe moja kwa moja na mwenzake, unahitaji njia 190. Ukiteua mji mmoja kati ya hiyo uwe kituo, njia 19 zinatosha. Hesabu ni nzuri, na FedEx ya Marekani ilijengwa juu yake: usiku wa kwanza, Aprili 1973, ilipeleka vifurushi 186 kwenye miji 25 kwa ndege 14, vyote vikipitia Memphis. Lakini Memphis ilichaguliwa kwa sababu iko karibu na katikati ya nchi na uwanja wake haufungwi ovyo na hali ya hewa. Ndege zinatua usiku, mizigo inachambuliwa, kabla hakujapambazuka zimeondoka. Na kazi ilipokua wakafungua kituo kingine Indianapolis. Dar es Salaam haiko katikati ya chochote. Ukiipita ni Bahari ya Hindi. Na sisi hatuna ndege za usiku, tuna Fuso inayopumua kwa shida Kitonga. Wakubwa wetu walichukua mchoro wakaacha ndege.

Kwa nini Dar? Kwa sababu bandari iko huko, Kariakoo iko huko, na mpango ulichorwa kwa ajili ya mizigo inayopanda kutoka huko kuja mikoani. Hiyo ni kweli mizigo mingi, sikatai. Kwamba mtu wa Mbeya anaweza kumuuzia mtu wa Njombe, au wa Songea kumtumia wa Iringa, bila baraka za Kariakoo, hilo halikuingia ukumbini. Waliojenga reli ya TAZARA miaka ya 1970 waliiona Makambako, wakaweka stesheni.

Na nikishaanza acha nimalize. Kifurushi kilipofika, dereva akanipigia: "Mzee, uko karibu na nini?" Karibu na nini! Mwaka 2022 kabla ya sensa nchi nzima tulipewa anwani za makazi. Kibao cha namba ninacho ukutani, nakipangusa vumbi. Nguzo ya jina la mtaa ilisimama pale kona mpaka watu wa vyuma chakavu walipoionea huruma, na halmashauri haijauliza ilikokwenda. Fomu ya kampuni ina nafasi ya "alama ya karibu" na haina nafasi ya namba ya nyumba. Nikamwelekeza: karibu na mashine ya kusaga isiyosaga. Hata msoma mita za maji bado ananitafuta kwa jina la marehemu baba yangu. Tulipewa namba za nini?

Konda wa basi hana dira wala dhima. Ana maka peni. Anaandika jina na simu juu ya boksi, analisukuma kwenye buti, na tangu zuio la mabasi kusafiri usiku liondolewe mwaka 2023 mzigo unaweza kukufikia kabla hujanywa chai. Ubaya wake, likipotea unalia na Mungu wako, hakuna bima wala risiti ya maana. Ndiyo maana wenye maduka wanaingia mikataba na makampuni makubwa. Tunalipia risiti, siyo mwendo.

Ushauri wangu hauhitaji mshauri mwelekezi. Wakurugenzi wote waliokula keki wasafirishwe kutoka Mbeya kwenda Njombe kwa utaratibu wao wenyewe, wakae nyuma pamoja na maboksi, na ahadi ya kuwafikisha ianze kuhesabiwa wakishatoka Dar. Wakiona ni mbali, basi waweke mtu mmoja Makambako, karibu na mizani ambapo gari linasimama hata hivyo. Apewe taa, mhuri, na ruhusa ya kushusha kila boksi lililoandikwa Njombe, Ludewa au Songea bila kupiga simu makao makuu. Atahitaji pia meza. Hiyo nitachongesha mimi, mbao huku kwetu si tatizo, na nitaituma kwa basi.

Mwenye mashine ya kusaga,
Njombe