Aliyefia kifungoni hakuanguka vitani

Mhariri,

Kila tunapowakumbuka wanajeshi, sifa humwendea aliyeanguka akipigana, ilhali kijana aliyefia katika kambi ya wafungwa wa kivita huingizwa kimyakimya katika orodha ya "waliouawa vitani". Huyo hakuuawa vitani. Aliuawa na njaa, kiseyeye na kuhara damu, akiwa hana silaha, mikononi mwa watu waliokuwa na wajibu wa kumlisha.

Katika kambi ya Andersonville, jimboni Georgia, ambako majeshi ya Kusini yaliwafungia wanajeshi wa Muungano, yaani upande wa Kaskazini, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, waliingia wafungwa wapatao 45,000 kati ya Februari 1864 na Aprili 1865, na karibu 13,000 wakafia humo. Majina ya wengi wao tunayajua kwa sababu mfungwa mwenzao, Dorence Atwater, kijana wa miaka 19 aliyepewa kazi ya kuandika daftari la vifo, aliinakili orodha hiyo kwa siri na kutoka nayo. Mwaka 1865 alirudi huko pamoja na Clara Barton, mwanamke aliyewahudumia majeruhi wa vita hivyo, ili makaburi yawekewe majina, na ni 460 tu yaliyobaki kuwa ya wasiojulikana. (Baadaye serikali yake mwenyewe ilimtia jela Atwater kwa ugomvi juu ya orodha hiyo hiyo, nami hadi leo sijaielewa hukumu ile.)

Alichokifanya Atwater kwa kujificha sasa ni sheria: Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949, kifungu cha 120, unaitaka nchi iliyomshikilia mfungwa imzike kwa heshima, kwa taratibu za dini yake ikiwezekana, na kaburi lake litunzwe na kutiwa alama ili lipatikane wakati wowote.

Kwa hiyo naomba gazeti lako, linapochapisha kumbukumbu ya kijana wa namna hii, litaje umri wake, kambi aliyofia, tarehe na, ikijulikana, maradhi yaliyomwua. Najua zipo familia zinazoona kutaja kuhara kunamvunjia marehemu heshima, na matakwa yao yasikilizwe. Lakini kambi na tarehe visiachwe. Mjukuu wa ndugu yake atakayetaka kulizuru kaburi hilo ataanzia wapi, ikiwa gazeti liliandika tu kwamba alianguka vitani?

Msomaji wako