Shoga, mitungi miwili haikutosha

Shoga yangu Mama Imu,

Hujambo mpenzi, Imu hajambo, baba yake je? Sisi huku wazima, baridi ya milimani tu ndo inatutesa. Najua nimekaa kimya tangu mfungo, nisamehe, ila tangu juzi silali vizuri na nisipokuandikia wewe sijui nimwandikie nani.

Jumanne usiku nilisindikiza mgonjwa wa rufaa kuja huko Dar. Mzazi, siku ya tisa tangu ajifungue, nimonia mapafu yote mawili, yuko kwenye maski yenye mfuko, oksijeni lita 15 kwa dakika na bado saturesheni, oksijeni ya kwenye damu, ni asilimia 84, anahema mara 40 na ushee. Mashine ya kupumulia hatuna, unajua. Daktari wa zamu akasema aende, na kweli angebaki tungemzika, kwa hilo simlaumu mtu. Ila tuliondoka mbio mno shoga. Ndugu wakiona gari limewasha king'ora wanajua msaada umefika, kumbe mle ndani mgonjwa ana kile tu ulichombebea.

Mitungi miwili, ile midogo ya lita 10. Geji ya presha moja inasoma bar 140, nyingine 120. Nimekuja kupiga hesabu tumeshashuka mlima, tuko Mombo, naandika kwenye kiganja: 10 mara 140 ni lita 1400, wa pili 1200, jumla 2600. Yeye anakula 900 kwa saa. Yaani masaa matatu hayafiki na safari ni masaa matano! Sista Hadija alitukaririsha ubebe mara mbili ya unachohitaji maana gari linaharibika, foleni ipo. Lita 9000 hizo. Mimi nina 2600.

Basi tangu Segera nikawa naangalia geji tu. Mume wake kashika tochi ya simu, haongei, anamulika sindano inavyoshuka. Oksimita, kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni, nayo ikagoma, vidole vya hina, vya baridi, nikawa navifikicha viganjani mwangu mpaka isome. 79. Nikamwinua kichwa zaidi, nikabana maski vizuri, 83. Mkata tumefika sindano iko kwenye nyekundu. Dereva wetu Baba Zai akapiga simu kwa watu wake, kituo kimoja cha njiani wakatufungulia saa nane usiku wakatupa mtungi mkubwa, Mungu awalipe. Msata tukakata kulia... hapana, kushoto, tukapita Bagamoyo kukwepa malori ya Chalinze. Mmempokea na 86, anaongea neno moja moja, ananiuliza mtoto kanyonya?

Mitungi ilikuwepo stoo, shoga. Mikubwa miwili, imejaa. Hakuna aliyeuliza, na mimi sikuuliza. Ndo kinachoninyima usingizi. Sa hivi nimeandika karatasi nimebandika mlangoni pa gari: mtungi lita ngapi, geji ngapi, dakika ngapi, ambu bagi (mfuko wa kumpumulisha kwa mkono) ipo, sakshen ya kunyonya makohozi ina chaji, huko aendako wamepigiwa simu. Matroni kakubali gari halitoki bila sahihi. Ila najua haijakamilika, ndo maana nakusumbua wewe wa ICU.

Nyie mkihamisha mgonjwa mwenye mrija wa kupumulia kooni mnamjaribu kwanza kwenye mashine ya safari, muda gani kabla hamjatoka? Na ule mrija mnaubana kwa koleo wakati wa kubadilisha mashine ili mapafu yasisinyae, mnabana akiwa amevuta pumzi? Fomu yenu unaweza kuipiga picha ukanitumia? Alafu naomba, ukiwa zamu, pita umwangalie. Kaingia alfajiri ya Jumatano, utamjua kwa hina. Wamemwekea mrija? Mwambie mtoto yuko kwa bibi yake, ananyonya kwa kikombe na hajambo. Utaenda lini? Nijibu hata kwa voisi, hata usiku wa manane.

Wako,
Mama Sele